Ngome ya Lamu: Jana Jela, Leo Maktaba

Juma lililopita dada yangu alinipigia simu kutoka Lamu, na kama ilivyo ada yake hakunijulia hali kwanza, alianza na lililomkera. "Kaka," akasema, "ndoo utukue hizi zuo za babu kabula mtwa hawayazila." Kwa msomaji asiyekijua Kiamu, alikuwa akiniambia niende nikavichukue vyuo, yaani vitabu, vya babu yetu kabla mchwa hawajavila. Nyumba yetu ya Langoni imo katika kutengenezwa. Boriti mbili za dari zimeoza, na fundi amesema kila kilichomo chumbani kitolewe. Vitanda vimepata pa kuwekwa kwa jirani, vyombo vya jikoni vimekwenda kwa shangazi, hata saa ya ukutani isiyokwenda imepata mtu wa kuihifadhi. Kasha la babu ndilo lililokosa mwenyewe.

Nalijua kasha hilo tangu utotoni. Limo Juzuu zilizochakaa, imo Maulidi iliyonakiliwa kwa wino mweusi na mwekundu, yamo madaftari ya dawa za mizizi, zimo barua za deni na hesabu za jahazi, na zimo kurasa nyingi za mashairi na tendi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa khati ambayo mpaka leo nikiiona moyo hunienda mbio. Nusu ya kurasa hizo sijawahi kuzisoma. Naona haya kulisema hilo mbele ya watu wanaonijua kuwa mtungaji, lakini ndivyo.

"Basi nilipeleke Ngomeni, maktabani?" dada akauliza.

Nami, ambaye miaka yote hii nimekuwa nikiwahimiza watu waipende maktaba ile, nilinyamaza. Kunyamaza kwangu huko ndiko kulikonikalisha kitako niandike haya.

Aliyewahi kufika Lamu hana haja ya kuelekezwa Ngome iliko. Iko mbele ya uwanja wa Mkunguni, jengo zito la mawe ya matumbawe na chokaa, na hakuna atokaye sokoni asiione. Ilianza kujengwa mnamo mwaka 1813, baada ya Vita vya Shela, pale watu wa Lamu walipowashinda watu wa Pate waliokuja pamoja na Mazrui wa Mombasa. Washindi hawakulala usingizi. Walichelea kisasi, wakamwendea Seyyid Said wa Oman awe mlinzi wao, na Ngome ikamalizika mwaka 1821. Mwaka 1910 Waingereza waliigeuza jela. Kenya ikapata uhuru, bendera ikabadilika, nyimbo zikabadilika, lakini Ngome ikabaki jela ileile mpaka mwaka 1984. Hesabu mwenyewe: miaka 74 ya kufungia watu.

Mimi niliiona mwisho wa miaka hiyo. Njia yangu ya kwenda chuoni ilipita Mkunguni, na asubuhi nyingine tuliwakuta wafungwa wakitolewa kwenda kufagia, na nyuma yao askari jela aliyening'iniza kiunoni funguo kubwa kubwa zilizolia kila apigapo hatua. Sisi watoto tulimjua kwa mlio huo kabla hatujamwona. Mama zetu walikuwa na tishio moja tu kwa mtoto mtoro: "Utatiwa Ngomeni." Mjomba wangu mmoja alitiwa kweli, miezi mitatu, kwa kukata boriti za mikoko bila ya kibali. Alipotoka hakusema neno juu ya humo ndani, ila kwa muda mrefu alikuwa hawezi kulala mlango ukiwa umefungwa.

Nilikuwa na miaka 14 jela ilipohamishwa. Ngome ikakabidhiwa Makumbusho ya Taifa, ikakarabatiwa, na baadaye ikafunguliwa kwa watu wote, na ndani yake pakawekwa maktaba. Hiyo ndiyo maktaba ninayoizungumzia. Si kubwa, wala mtu asiende akitarajia ghorofa za vitabu. Lakini kwa ushairi wa Kiswahili na kwa maandishi yanayohusu Lamu na visiwa vyake ni katika hazina zilizo bora nchini. Nakumbuka mara ya kwanza nilipoingia kwenda kusoma. Nilijikuta nikinong'ona, nikadhani ni adabu ya maktaba, kumbe ni woga wa utotoni. Nilimwambia mjomba twende pamoja siku ya pili akajionee. Akanijibu, "Mwanangu, mimi nimeshasoma humo vya kutosha." Amekufa, Mwenyezi Mungu amrehemu, bila ya kukivuka kizingiti hicho tena.

Huko Nairobi Maktaba ya McMillan ilipofunguliwa mwaka 1931 ilikuwa ya Wazungu peke yao, na Mwafrika alisimamishwa mlangoni. Sisi wa Lamu mwaka huohuo Ngome ilikuwa wazi kwetu wakati wowote, ela tuliingia tukiwa tumeshikwa mikono na askari. Nayasema haya kwa kuwa kuna watu wanaoona ajabu kwamba wazee wa Lamu hawaonekani maktabani. Mwenye kuona ajabu na akumbuke nani alikuwa na ufunguo wa mlango ule, na kwa muda gani.

Hata hivyo, lipo jambo ambalo sitalikubali hata kidogo, nalo ni ile kauli inayorudiwa rudiwa kwamba watu wa pwani si watu wa kusoma, na kwamba maktaba tuliletewa. Lamu ilikuwa mji wa vyuo kabla ya huyo mleta maktaba kuzaliwa. Mtu akinakili kitabu au akikinunua kwa fedha yake, alikuwa akiandika katika ukurasa wa kwanza kwamba kitabu hiki ni wakfu. Maana yake kwa sheria zetu ni nzito: hakiuzwi, hakirithiwi, hapewi mtu kuwa zawadi. Ni cha wote wenye kukihitajia, na msimamizi wake ni mwangalizi tu. Mwanafunzi atokaye Siu au Faza au Barawa alikuja akakisoma, akakirudisha mahali pake. Vitabu vya namna hiyo vimo hadi leo katika Msikiti wa Riyadha, alioasisi Habib Swaleh Jamalilleil, na vingi vyake ni vya karne ya kumi na tisa. Nawauliza wenye maneno, kitu hicho kama si maktaba ya umma kinaitwaje?

Na mimi mwenyewe kalamu sikuanza kuishika shuleni. Niliishika chuoni, kalamu ya mwanzi, juu ya ubao, nikiandika alifu, nikipigwa kwa kuikosea na nikipewa tende kwa kuipatia. Nilipoingia shule ya serikali, mwalimu aliniandika katika orodha ya wasiojua kusoma.

Hapo ndipo lilipo donda, na msomaji anistahimilie nilitumbue. Watoto wetu wangali wanasoma Kurani, alhamdulillahi, na herufi wanazijua. Lakini mpe kijana huyo huyo ukurasa wa babu yake ulioandikwa Kiswahili kwa herufi hizo hizo, ataukodolea macho. Si kosa lake. Waandishi wa zamani waliazima herufi za Kiarabu kama zilivyo, na Kiarabu hakina "p" wala "ch" wala "v". Herufi moja ya "ba" ikabebeshwa kazi ya b, ya p na ya mb. Kwa hivyo ukiona neno moja katika mswada wa kale, laweza kuwa bata, laweza kuwa pata, na laweza kuwa mbata. Kinachokuambia lipi ni mizani, ni vina, ni maana ya ubeti mzima, na zaidi ya yote ni mwalimu aliyekaa nawe. Wanaoijua kazi hiyo leo Lamu ni wazee wachache, na kila mmoja wao akizikwa huzikwa pamoja na ufunguo mwingine.

Ndiyo sababu yanayotungwa na wazazi wetu twayasoma kwa kuyaomba. Utendi wa Tambuka, ambao wataalamu huuweka mwaka 1728, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo wa Athumani, nakala zake za zamani ziko Hamburg na London. Mashairi ya Muyaka wa Mombasa, aliyekufa mwaka 1840, yalikusanywa kwa msaada wa Mwalimu Sikujua na kuandikwa kwa hima kubwa, na karatasi hizo leo zimo katika chuo kikuu huko London. Muhamadi Kijuma, mtu wa Lamu hasa, mchongaji wa milango na mwenye khati isiyo na mfano, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia wataalamu wa Kizungu tendi kwa tendi. Nyingi ya kazi za mkono wake ziko Uingereza na Ujerumani.

Mimi si katika wanaopiga kelele kwamba vyote hivyo viliibwa. Kijuma alikuwa akilipwa kwa kazi yake, na baadhi ya yaliyonakiliwa yasingalikuwapo leo kama yangalibaki katika makasha yetu. Mchwa wa Lamu na chumvi ya bahari hawajui ubingwa wa mtungaji. Tena tunao mtindo wetu wa heshima ambao umetugharimu: karatasi iliyotajwa jina la Mwenyezi Mungu haitupwi jaani, ikichakaa huzikwa au hutoswa baharini. Ni adabu njema. Lakini kila utendi huanza kwa Bismillahi, na nani ajuaye ni tendi ngapi zilizotoswa pamoja na Juzuu kuukuu kwa kuwa mrithi hakuweza kutofautisha?

Lakini yako pia yaliyochukuliwa kwa maneno matamu. Nilipokuwa mdogo alikuja nyumbani kwetu mgeni mmoja, mstaarabu, amejifunza hata kutuamkia shikamoo. Alikaa na baba barazani jioni tatu, na jioni ya nne akaazima daftari moja la babu, la mashairi ya kujibizana, apate kulipiga picha. Alisema atalirudisha Jumatatu. Baba alikuwa akituhadithia kisa hicho huku akicheka, na mwisho wake ulikuwa mmoja siku zote: "Hakusema Jumatatu ya mwezi gani." Sisi tulicheka naye. Sasa nimefika umri wake na kichekesho hicho sikioni tena.

Nimetaja picha, na najua kuna msomaji aliyekwisha kuniandalia jawabu. Atasema, "Siku hizi mambo hayo yamekwisha, vitabu vinapigwa picha na kutiwa katika intaneti, kila mtu akavisoma kwa simu yake." Ni kweli, tena ni kazi nzuri. Miswada ya Riyadha imefanyiwa hivyo zaidi ya miaka 10 iliyopita, chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa maandishi yaliyo hatarini, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu, kama ipasavyo. Lakini Oktoba 2023 wavamizi wa mitandao waliivamia Maktaba hiyo ya Uingereza, na kwa miezi mingi nakala za namna hiyo hazikupatikana. Mwenye kutaka kukisoma kitabu cha Lamu kwa kupitia London alikuta mlango umefungwa. Aliyekuwa Lamu angeweza kuvaa viatu vyake na kutembea. Nakala na zisambae dunia nzima, zikae hata Japani. Ela asili yake ikae mahali ambapo mjukuu wa mwandishi anaweza kufika kwa miguu.

Na mahali hapo, kwa maoni yangu, ni Ngomeni. Kuta zake ni nene, jua haliingii kwa nguvu, iko katikati ya mji baina ya Mkomani na Langoni, na haimilikiwi na ukoo wala mtaa wala msikiti mmoja. Mwanamke anaweza kuingia, mgeni anaweza kuingia, asiye Mwislamu anaweza kuingia. Sasa nieleze kwa nini nilinyamaza dada aliponiuliza.

Nilinyamaza kwanza kwa sababu ya swali ambalo hata wanasheria wanalikwepa: maktaba ile ni ya nani? Ukiisoma Katiba yetu ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, utakuta maktaba zimetajwa katika kazi za serikali za kaunti. Soma jedwali hilo hilo upande wa serikali ya taifa, utakuta majengo ya kale na ya kihistoria yenye umuhimu wa kitaifa yamewekwa huko. Basi rafu na vitabu kwa mtazamo mmoja ni jukumu la kaunti, na ukuta ulioegemewa na rafu ni jukumu la Nairobi. Na hapo kati liko Shirika la Huduma za Maktaba la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1965, ambalo nalo lina maktaba zake na kazi zake. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Paa likivuja, kila ofisi ina sababu nzuri ya kuitazama ofisi nyingine.

Nisieleweke vibaya. Wafanya kazi wa pale niwajuao ni watu wenye moyo, na wengine wamenisaidia mimi mwenyewe kwa ukarimu ambao haukuwa katika kazi waliyoajiriwa. Ninaowasema ni wakubwa walio mbali, wenye kupanga fedha. Tumeona mabilioni yakimwagwa upande wa pili wa maji, bandari mpya ikajengwa na gati yake ya kwanza kufunguliwa mwaka 2021. Siipingi bandari, baba yangu alikuwa mtu wa jahazi. Ila kila nikiitazama najiuliza ni kipande gani cha chuma kile ambacho bei yake ingetosha kumwajiri mtu mmoja, mmoja tu, anayejua kusoma khati ya Kiswahili cha kale, akakaa Ngomeni na vijana wanne au watano akawafundisha.

Kwa kuwa hilo ndilo la kwanza. Mswada usio na msomaji, uwekwe hata katika kabati la kioo, umezikwa. Mtu huyo apatikane sasa, wazee wangali hai, naye alipwe kama mwalimu anavyolipwa, asipewe tu chai na vyeti vya shukurani. Tena maktaba ifunguliwe saa zinazolingana na maisha ya mji. Mtoto wa Lamu asubuhi yuko shule, alasiri yuko madrasa, nafasi yake ni baada ya magharibi. Na pale mlangoni paandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, kwamba anayekuja kusoma anakaribishwa na hadaiwi hata senti. Watalii tunawapenda, wanatuletea riziki, lakini mtu wa Lamu akiingia mahali akahisi amekosea mlango wa wageni, hatarudi.

Nakumbuka siku moja nilikuwa humo nikitafuta neno katika utendi, na kando yangu alikaa msichana wa kigeni, mwanafunzi wa chuo kikuu, kitabu cha mashairi ya Lamu mbele yake. Akaniuliza maana ya neno moja la Kiamu, nami nikamweleza, tukazungumza vizuri. Nilipotoka nje niliwakuta barobaro wanane au tisa wamekaa Mkunguni chini ya mti, wanakunywa kahawa, wengine na simu zao. Nikawauliza neno lile lile. Watatu walilijua, na mmoja alilijua kwa maana ambayo kitabu hakina! Alisema ndivyo bibi yake alivyokuwa akilitumia. Nikamwambia, "Ingia mle ndani ukamwambie yule msichana, aandike." Akacheka. Akaniambia, "Mle, ami, mimi nina kazi gani?" Nilikosa la kumjibu kwa upesi, na mpaka leo nikimkumbuka hutunga jawabu jipya.

La pili lililoninyamazisha ni la kwetu wenyewe, wenye makasha. Sisi tunasema sana juu ya waliochukua, lakini tunavificha vyetu kwa wivu. Huyu anaogopa daftari la babu yake lina hati ya shamba ambalo jamaa wamekwisha kuliuza. Yule anaogopa lina talasimu na madawa yasiyofaa kuonwa na kila mtu. Mwingine hataki ijulikane kwamba mzee wake, aliyekuwa sheikh, alitunga pia mashairi ya mapenzi. Na wengine, niseme kweli, tunangoja bei. Mimi mwenyewe nilipoulizwa na dada, fikra ya kwanza iliyonipitia ni: je, limo shairi ambalo ningelitoa katika gazeti kabla halijaonwa na mwingine? Astaghfirullahi. Mchwa wako chini ya kasha, na mimi ninahesabu sifa.

Siku tatu baadaye nilimpigia dada simu. Nilimwambia nitapanda basi la Mokowe Ijumaa ijayo, inshallah, na kwamba asilifungue kasha kabla sijafika, alitie tu juu ya vigogo lisigusane na sakafu. Tutakaa mimi naye na mwanawe wa kike aliyehitimu madrasa, tuandike orodha ya kila kitabu na kila karatasi, ukurasa kwa ukurasa. Juzuu zitabaki nyumbani. Hati za mashamba watapewa wenyewe. Yaliyobaki, mashairi na tendi na hesabu za jahazi na hata madaftari ya dawa, tutayapeleka Ngomeni, na katika ukurasa wa kwanza wa kila daftari nitaandika kwa mkono wangu, kwa herufi alizotumia babu, kwamba hiki ni wakfu kwa wasomaji wa Lamu, hakiuzwi, hakirithiwi wala hakitolewi nje ya mji. Atakayekipokea atie saini mbele yangu na mbele ya mashahidi wawili. Nikiambiwa utaratibu wa ofisi haujui wakfu, nitawaambia Ngome ile ina umri wa miaka mia mbili na zaidi, na wakfu ulikuwapo mjini kabla yake.

Dada alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Alikubali orodha, akaikubali saini. Mwanawe, ambaye nilikuwa nikimsikia kando ya simu, alitaka kujua kama ataruhusiwa kuyasoma yale mashairi kabla hayajapelekwa, nikamwambia yeye ndiye atakayenisomea mimi, maana macho yangu si kama zamani. Kisha dada akauliza jambo moja tu.

"Kaka, hilo kabati watakaloyatia, ufunguo wake utakaa na nani?"

Nikamwambia nitamjibu nikifika.